Msalaba mdogo wa shaba nao uulizwe ulikotoka

Bwana Mhariri,

Nimesoma habari mliyotoa juu ya wakusanyaji wa sarafu za kale huko Ulaya na Marekani, wanaolalamika kwamba sheria za forodha zimewabana. Mimi nami ni mkusanyaji. Maisha yangu ya kazi yameishia kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba hapa Lubumbashi, chini ya lile bomba refu ambalo kila mgeni hulipiga picha, na pesa za zamani nilianza kuzitafuta tangu ujana. Sanduku langu lina zile za Kongo ya Mfalme Leopold zilizotobolewa katikati, ile ya faranga mbili ya 1943 yenye pembe sita na picha ya tembo, na ile ya Katanga ya 1961 yenye mkungu wa ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili. Ninayo pia misalaba yenyewe, vile vipande vya shaba ambavyo zamani vilikuwa fedha huku kwetu. Nasema wazi: sheria hizo naziunga mkono, na kifungu kinachowaudhi zaidi wenzangu wa ng'ambo ndicho ningekitetea kwanza. Kinachonitia uchungu ni kwamba sisi hapa Katanga hatujajiandaa kuzitumia.

Wasomaji wengi hawajaziona sheria zenyewe, basi nizieleze kwa ufupi. Umoja wa Ulaya ulipitisha Kanuni namba 2019/880 mwezi wa Aprili 2019. Tangu tarehe 28 Desemba 2020 ni marufuku kuingiza Ulaya kitu cha urithi kilichotolewa katika nchi yake kinyume cha sheria za nchi hiyo. Sehemu nzito zaidi ilianza kutumika tarehe 28 Juni 2025. Kitu kilichofukuliwa ardhini au kutolewa majini, chenye umri wa zaidi ya miaka 250, hakiingii bila kibali, hata kama bei yake ni ya kununulia mkate. Kwa vitu vingine vya kale, na sarafu zimetajwa humo kwa jina, vikizidi miaka 200 na kufikia thamani ya euro 18,000 kimoja, mwenye kuviingiza hutia saini tamko kwamba vilitoka kwao kihalali.

Marekani wana njia yao. Sheria yao ya 1983 hufanya kazi nchi kwa nchi: nchi inaomba, wanakubaliana, kisha orodha ya vitu vinavyozuiwa inatangazwa. Kwa miaka mingi sarafu hazikuguswa. Mwaka 2007 zikaingia zile za Kupro, 2009 za China, 2011 za Italia na Ugiriki. Chama cha wakusanyaji kikaagiza sarafu 23 za Kupro na China kutoka London hadi Baltimore mwaka 2009, kwa makusudi kabisa, ili zikamatwe na kesi ipatikane. Zilikamatwa. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikawakatalia.

Hoja yao kubwa siidharau. Wanasema sarafu ilitengenezwa ili itembee, kwa hiyo huwezi kuishika sarafu ukaapa kwamba imetoka ardhi ya nchi fulani. Ni kweli. Sisi tunaosema Kiswahili tuna ushahidi wa karibu: sarafu za shaba za Kilwa. Moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, ilipatikana kwenye magofu ya mawe ya Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari. Tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Pesa hutembea, nani anabisha?

Lakini hebu tuiangalie ile ya Great Zimbabwe vizuri. Kama sarafu tu, ni kipande cha shaba kama vingine vingi vya Kilwa. Jina la sultani upande mmoja, maneno ya kumtegemea Mungu upande mwingine, na pande mbili hizo zina vina vinavyolingana kama beti. Uzito wake wote katika historia unatokana na mahali ilipokutwa. Mahali hapo ndipo panapotuonyesha watu wa pwani na watu wa bara ya dhahabu wameshikana mkono. Iweke sarafu hiyo kwenye trei ya mfanyabiashara, bila kusema ilitoka wapi, na Great Zimbabwe inafutika. Wenzangu wanaposema pesa hutembea, wanasahau kwamba ilifika mahali ikasimama, na pale iliposimama ndipo pana habari yote.

Sasa nije kwenye misalaba yetu, maana hapo ndipo naona jambo hili kwa macho.

Watu wengi wa mji huu wanaijua kwa bendera ya Katanga ya 1960, ile yenye misalaba mitatu, au kwa mapambo ya ukutani. Wachache wanajua kwamba kwa karne nyingi ilikuwa mali ya kulipia. Jambo hilo hatukulipata kwa wazee peke yao. Lilitoka kwenye makaburi ya bonde la Upemba, hasa Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa kuanzia 1957 na wataalamu Jacques Nenquin na Jean Hiernaux, kisha miaka ya 1970 na Pierre de Maret. Bonde lile halina shaba. Shaba ililetwa kutoka huku kusini, kwenye ukanda wetu wa madini. Katika makaburi ya zamani zaidi shaba ni mapambo hasa, na misalaba ni ya nadra. Baadaye misalaba inaongezeka. Kisha inakuwa mingi sana, midogo, yenye vipimo vinavyokaribiana, na mahali pake juu ya maiti panabadilika: mwanzo kifuani, baadaye mikononi na viunoni, pale ambapo mtu angebeba pesa zake. Ndivyo wataalamu walivyotambua kwamba kitu cha heshima kiligeuka polepole kuwa fedha ya kila siku.

Angalia hoja hiyo imesimama juu ya nini. Imesimama juu ya vipimo na mahali. Ungeitoa misalaba hiyo makaburini kwa jembe usiku, ukaimwaga kwenye gunia, usingejua lolote. Ungebaki na shaba.

Mimi ni mtu wa tanuru, kwa hiyo naitazama misalaba kwa jicho la kiwanda. Ilimiminwa kwenye kalibu lililo wazi juu. Upande uliokaa chini umechukua sura ya kalibu. Upande wa juu una mikunjo na vishimo vidogo, kwa sababu shaba ilipoa ikiangaliana na hewa. Kuna mikubwa inayojaza viganja viwili, kazi ya mafundi wa nyakati za karibu zaidi, nyingine za enzi za mfalme Msiri kule Bunkeya. Na kuna midogo inayokaa kwenye kiganja cha mtoto, ambayo mikono yake ni mifupi hata inaonekana kama herufi H. Midogo hiyo ndiyo ya makaburini. Katika biashara ndiyo yenye bei ya chini. Mkubwa unapendeza ukutani. Mdogo mnunuzi wa Ulaya anauona kama kipande cha chuma tu.

Hapa ndipo naachana na wakusanyaji wenzangu. Wanasema: angalau sheria iache vitu vya bei ndogo, kwani serikali itapata hasara gani kwa sarafu ya euro kumi? Nawajibu kutoka Katanga. Kaburi la Sanga likivunjwa ili kupata misalaba midogo ya bei ya sahani ya ugali na samaki, limevunjika sawasawa na lile lililovunjwa kwa ajili ya sanamu ya mamilioni. Tena bei ndogo huleta uharibifu mkubwa zaidi, maana mchimbaji anahitaji mingi ili apate kitu. Ukiweka kiwango cha chini cha bei kwa vitu vya ardhini, umemwambia mchuuzi auze midogo midogo. Waliosema kibali kitatakiwa bila kujali thamani walifikiri vizuri, na ningependa msimamo huo usilegezwe hata kidogo.

Kuna kijana alinijia nyumbani na kiroba cha unga. Alikuwa ameelekezwa na mtu wa sokoni kwamba kuna mzee wa Katuba ananunua pesa za bankambo, yaani za mababu. Akamwaga misalaba juu ya meza. Mingi alikuwa ameisugua kwa ndimu na majivu mpaka inang'aa, akidhani anaiongezea bei. Mmoja alikuwa hajaufikia. Ulikuwa bado na ganda la kijani, na ndani ya ganda hilo, upande mmoja, niliona mistari midogo sana inayopishana, juu chini, juu chini. Nikaenda nao dirishani. Ilikuwa alama ya kitambaa. Kutu ya shaba ilikuwa imeunywa ufumaji wa nguo ya mtu, uzi kwa uzi, na kuutunza hata baada ya nguo yenyewe kuoza. Msalaba ule ulikuwa umelala juu ya mwili.

Nikamuuliza, "Mwanangu, hii umeitoa wapi?"

"Mu shamba, papa."

"Shamba gani hilo lenye nguo?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Papa, ukikatala wewe, nitauzisha kwa wale ba shaba. Batapima ku kilo."

Hakuwa ananitisha. Alikuwa anasema bei yake ya pili. Sikununua, kwa sababu fedha yangu ingemrudisha pale alipotoka na jembe jipya. Nilimwomba aende nao makumbusho, nikamwelekeza njia, nikampa nauli. Alifunga kiroba chake akaondoka, na upande alioelekea haukuwa wa makumbusho. Simlaumu sana kijana yule. Nani aliwahi kumwambia kwamba kitu kile kina mahali pa kwenda?

Mpwa wangu anayeishi Ubelgiji hunitumia picha kutoka masoko ya vitu vikuukuu huko. Misalaba yetu imepigiliwa kwenye mbao zenye kitambaa chekundu, mikubwa na midogo pamoja. Sheria mpya haiwezi kuigusa ile, kwa sababu tayari iko ndani ya Ulaya; kanuni hii inasimama mpakani tu. Na kuna mlango mwingine ambao sisi tunapaswa kuujua. Ikiwa kitu kiliondoka nchi yake ya asili kabla ya tarehe 24 Aprili 1972, siku ambayo Mkataba wa UNESCO wa 1970, ule wa kuzuia biashara haramu ya mali ya utamaduni, ulianza kufanya kazi, au ikiwa nchi ya asili haijulikani kwa uhakika, mwenye kukiingiza anaweza kuleta ushahidi wa nchi nyingine ambako kilikaa zaidi ya miaka mitano. Kwa mtu mwenye nia mbaya hii ni nafasi nzuri: atasema msalaba huu ni wa babu yake aliyekuwa mhandisi hapa kabla ya uhuru. Kumkanusha kunataka karatasi. Karatasi gani tunayo?

Kuna na lile la miaka 250. Mstari huo unapita katikati ya misalaba yetu. Ile midogo ya kaburini iko ndani ya kibali. Ile mikubwa ya karne ya 19 iko nje. Sasa mpe afisa wa forodha wa Antwerp misalaba miwili, atajuaje upi ni upi? Mimi naitambua kwa kalibu, ukubwa na ganda. Yeye atahitaji mwongozo wenye picha, na mwongozo huo hauwezi kuandikwa na mtu mwingine ila sisi, tulio na makaburi na tulio na makumbusho.

Nchi yetu haikukosa sauti katika jambo hili. Sheria ya Amri namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali ya utamaduni. Tarehe 4 Oktoba 1973 Mobutu alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akadai mataifa tajiri yarudishe vitu vya sanaa vilivyochukuliwa, na mwezi wa Desemba mwaka huohuo Baraza Kuu likapitisha azimio juu ya kurudisha vitu hivyo. Mwaka 1974 tukauridhia Mkataba wa UNESCO. Tulikuwa mbele ya wengi. Lakini katika nchi za Afrika zenye mapatano na Marekani ya kuzuia vitu vyao mpakani wamo Mali, waliopata kinga ya kwanza mwaka 1993, wamo Misri, Libya, Algeria, Morocco na Nigeria. Kongo yetu haimo. Msalaba wa shaba wa Sanga ukiingia New York, hakuna orodha itakayousimamisha.

Na huku nyumbani mambo hayajakaa sawa kwa mtu anayefuata sheria. Niliombwa na rafiki mwalimu, upande wa pili wa mpaka, nikawaonyeshe wanafunzi wake pesa za kale za eneo letu. Mababu zao na zetu walitumia shaba hiyohiyo. Nikafunga sarafu chache na misalaba yangu miwili mikubwa. Mpakani afisa akaifungua, akaniuliza kibali cha kutoa vitu vya kale. Aliuliza vizuri, tena kwa haki. Ndivyo anavyopaswa kuuliza. Nikamwuliza kibali hicho kinatolewa na nani. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akapiga simu. Nikatajiwa ofisi moja mjini, nikarudi. Ofisi hiyo ikanituma kwa nyingine, nayo ikasema mambo hayo ni ya Kinshasa. Siku ya wanafunzi ikapita. Ninaposimama pale mpakani, malori ya shaba yanapita mfululizo, na mtu akitaka kuficha kiroba kimoja chini ya kiti cha dereva sijui nani atakiona. Hivyo anayeuliza kibali anakwama, asiyeuliza anapita.

Hilo ndilo jambo la kurekebisha, Bwana Mhariri, na halihitaji kungojea Brussels. Sheria ya Ulaya inamwuliza mwagizaji swali moja: je, kitu hiki kilitoka kwao kwa mujibu wa sheria za kwao? Swali zuri sana. Lakini jibu linatakiwa litoke huku. Ikiwa huku hakuna anayetoa kibali, wala hakuna anayejua ni misalaba mingapi iko mikononi mwa watu, basi swali linaulizwa kwa mtu aliyenyamaza.

Naomba serikali ya mkoa na makumbusho ya Lubumbashi wafungue daftari la pesa za kale zilizo mikononi mwa raia. Kwa kila msalaba: picha ya pande zote mbili kando ya rula, uzito, vipimo, mwenye nao, na alivyoupata. Atakayesema ameurithi aandikwe hivyo. Atakayesema aliununua sokoni aandikwe hivyo. Kwa kipindi cha kuandikisha, mtu asinyang'anywe alichonacho, la sivyo hakuna atakayejitokeza na misalaba yote itaishia tanuruni. Baada ya kipindi hicho, msalaba usioandikwa ukikutwa njiani uhesabiwe kuwa umefukuliwa jana, mpaka mwenyewe athibitishe vinginevyo. Na iwepo ofisi moja, hapahapa mjini, yenye mlango unaojulikana, inayotoa karatasi ya kuazimisha na ya kusafirisha, na inayoweza pia kukataa.

Wanunuzi wa shaba chakavu nao waletwe kwenye mazungumzo. Wengine wao ninawafahamu, tumezeeka pamoja. Wanajua kabisa msalaba ukipita juu ya mizani. Wakipewa namba ya simu ya makumbusho na malipo yanayozidi kidogo bei ya kilo, hawatauyeyusha. Kuyeyusha ni hasara isiyo na mahakama: kitu kilichoibwa kinaweza kurudi siku moja kutoka Liège au Chicago, kilichoingia tanuruni kimekwisha.

Kwa wakusanyaji wa ng'ambo, wanaosema kwamba sheria hizi zitaua upenzi wa sarafu, nina neno moja. Ninyi mna bahati ya kukusanya pesa zilizoandikwa majina ya wafalme na miaka. Hata zikipotezewa mahali zilipotoka, zinabaki na sauti kidogo. Msalaba wetu hauna maandishi. Sauti yake yote ni pale ulipolala. Mkiletewa trei yenye misalaba midogo ya kijani na mchuuzi akasema ni ya mkusanyo wa zamani wa Ulaya, mwambieni awaonyeshe karatasi ya mkusanyo huo, yenye tarehe. Akikosa, muiache trei ilipo. Mimi hufanya hivyo kwa sarafu za Kirumi ninazoletewa picha zake, ingawa nazipenda na ningefurahi kuwa na moja ya Hadrian.

Yangu nitaileta siku ya kwanza daftari likifunguliwa, mikubwa yote, na ule mmoja mdogo nilioachiwa na mjomba wangu ambaye hakuwahi kusema aliupata wapi. Makumbusho wakiamua kwamba huo mdogo ubaki kwao, nitautia saini hapohapo. Ninachoomba ni kuambiwa tu ni dirisha gani.

Mstaafu wa kiwanda cha kuyeyusha shaba,
Katuba, Lubumbashi